Mti Juu ya Mfereji

Dunia ilikuwa imekubaliana. Mataifa makubwa kwa madogo yalikaa huko ng'ambo, yakatia saini kwamba joto lisizidi, na sisi wa bondeni chini ya kilima cha Kibuli tukaambiwa makubaliano hayo yanakuja kuzinduliwa kwetu. Tulichaguliwa kwa sababu tunafurika vizuri.

Uzinduzi unataka mahema, na mahema yanataka ardhi kavu. Kwetu haipo, kwa hiyo lori likamwaga kifusi juu ya mfereji unaopita ubavuni mwa nyumba ya mama, ule unaobeba maji ya kilima kizima. Mama ni binti wa askari polisi na mjane wa askari polisi. Nyumba ile ndiyo mali pekee aliyoachiwa. Alimwendea chairman wa kijiji chetu, akamwuliza maji ya mvua yatapita wapi. Akajibiwa kwamba kifusi kitaondolewa sherehe ikiisha, na tafadhali akawasaidie wenzake kupika pilau.

Mgeni rasmi alitarajiwa asubuhi, akafika alasiri. Tuliimba wimbo wa taifa, wa Jumuiya na wa Buganda. Kisha kila mwenye cheo akamtambulisha mwenye cheo mwenzake. Mgeni alituasa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tukampigia makofi, tukiwa tumeketi juu ya mfereji uliozibwa.

Halafu akapanda mti. Kwetu mkubwa haondoki sherehe bila kupanda mti, wala hapandi mahali zulia lisipofika. Zulia liliishia kwenye kifusi. Akapanda hapo hapo, akanawishwa mikono, akaondoka na ving'ora vyake.

Kesho yake mama akakumbusha habari ya kifusi. Chairman alishtuka. Nani atathubutu kung'oa mti wa mheshimiwa, na wakija kuukagua ataonyesha nini? Nilimwambia mti ukisogezwa kidogo hautamshtaki mtu. Akaniita adui wa mazingira, mimi nisiye na hata pikipiki.

Mvua ilipokuja, maji yalifika kwenye mfereji, yakakuta makubaliano, yakageukia sebuleni kwa mama. Godoro, mikeka, picha ya marehemu baba akiwa na sare, vyote vikaelea.

Asubuhi watu wa ofisi iliyoandaa sherehe wakaja na viatu virefu vya mpira na kamera. Walitaka picha za kupeleka kwenye mkutano ujao. Wakamwomba mama asimame mlangoni, maji yakiwa magotini, na asitabasamu. Mwenye kamera akamwuliza angependa kuiambia dunia nini.

Mama alitoka akaenda taratibu mpaka kwenye kifusi, chairman nyuma yake akimsihi. Akaung'oa ule mti kwa mkono mmoja, akampa mwenye kamera aushike.

"Hii muende mupande kwenu," alimwambia. "Hapa maji inataka njia."

Tukachimba, yeye na mimi na majirani. Maji yalipoanza kutoka sebuleni, mama alikuwa akitetemeka kwa baridi, nami nikalitupa jembe kwa hasira. Nikageuka kuwatafuta wale wa ofisi. Walikwisha kuingia garini na mti wao, na picha ya mama akichimba hakuna aliyeipiga.