Mshairi wa Vita na Mkono wa Mdogo Wetu

Simu ilinikuta mbele ya darasa, katika shule ya kutwa karibu na Kianjai, nikifundisha mashairi ya Mmarekani mmoja wa karne ya kumi na tisa. Ubaoni nilikuwa nimeandika usuli: nchi moja ikagawanyika kwa sababu ya utumwa, kaskazini ikapigana na kusini, ndugu wa tumbo moja wakajikuta katika majeshi mawili. Mshairi mwenyewe hakubeba bunduki. Alizunguka hospitali za majeruhi, akakaa nao, akaona miguu na mikono iliyokatwa ikirundikwa nje. Tena alishikilia kwamba mwili wa binadamu ni mtakatifu, uwe wa mtumwa anayeuzwa mnadani au wa bwana anayemnunua. Wanafunzi walinakili haya yote huku wakipiga miayo.

Aliyepiga ni kaka yangu mkubwa, mwenye bucha pale sokoni.

"Kuja haraka. Wamemshika na miraa ya watu. Wanataka kumchoma."

Sikuuliza nani. Kitinda mimba wetu, mwanaume mzima wa miaka ishirini na kitu, alikuwa na mkono mrefu, na ameshaonywa. Kwetu mti wa miraa ndio unaolipa karo na dawa ya mgonjwa. Anayechuma usio wake hahurumiwi.

Nilipofika kwenye shamba alikoiba, huko Kianjai, walikuwa wamemfunga majani makavu ya ndizi kifuani hadi magotini, wakakaza kwa kamba ya katani. Walimwacha mkono wa kulia nje, na miraa aliyoiba wameifunga kwenye kiganja. Uso ulikuwa umevimba, jicho moja limefumba, damu na meno vikimtoka pamoja. Alinuka mafuta ya taa. Alikuwa akimwita mama, na mama tulimzika zamani.

Nikajitosa katikati nikipiga kelele. Rungu likanipata mgongoni, nikaanguka, kisha mtu niliyemfundisha mwenyewe akanishika mikono kwa nyuma.

"Mwalimu, hii si ya darasa," akasema. "Kaa kando."

"Ndugu yake aanze!" wakapaza sauti. "Ndugu aanze!"

Hiyo ilikuwa desturi ya kale. Mwizi sugu hakuchomwa mpaka mtu wa damu yake akubali na kuwasha moto wa kwanza, ili baadaye pasiwe na wa kudai kisasi. Mengine yote ya wazee wameyatupa, ila hili walilikumbuka vizuri sana siku hiyo. Wakampa kaka kiberiti, naye akakipokea. Nilimchukia, nasema kweli. Nilitamani afe yeye.

Kaka alikuwa bado na koti lake jeupe la bucha, na shoka la kukatia mifupa mkononi. Akamgeukia mwenye shamba, mzee mmoja mkavu.

"Huu mkono ndio uliiba. Nikiutoa mimi mwenyewe, mambo imeisha?"

Mzee akatema mate. "Toa tuone."

Akatia kiberiti mfukoni. Akauvuta ule mkono juu ya kisiki, akaubana kwa goti. Mdogo wetu alimwona, akamwita kwa jina. Pigo la kwanza halikumaliza. La pili likamaliza. Nilisikia mfupa, na ninausikia hadi leo nikivunja kuni. Kaka akavua mkanda wake wa suruali, akaukaza juu ya kifundo cha mkono, akaanza kung'oa yale majani kwa vidole vyake. Watu walikuja kuona moto, na sasa wengine walitapika, wengine wakaondoka bila kuagana.

Tulimlaza nyuma ya pikapu ya kubebea nyama kumpeleka hospitali, nikamshikilia mkono juu njia nzima. Pale Makutano malori yalitubana, kaka akapiga honi huku akilia kwa sauti kama mtoto.

Asubuhi mdogo wetu alifumbua jicho moja, akaitazama bandeji.

"Si wao wangefanya?" akamuuliza kaka. "Mbona wewe?"

"Wao hawangeachia hapo."

Akageukia ukuta.

Niliporudi darasani nilimkasirikia yule mshairi, jambo ambalo halikuwa kwenye mpango wa somo. Alikaa na aliyekatwa, akamshika mkono, akamwandikia vizuri, na nampa heshima yake. Lakini mimi nilikuwa namtafuta aliyekata, yule daktari anayekwenda nyumbani kunawa halafu akashindwa kula. Kila ukurasa alinipita haraka, na aproni yake yenye damu. Mvulana mmoja akauliza kama baada ya vita wale ndugu walipatana. Nikamwambia walirudi kukaa katika nchi moja. Akaandika hivyo.

Siku hizi mdogo wetu anakaa kwa kaka, maana hakuna kwingine pa kwenda na huko Kianjai bado wanamtazama vibaya. Hawasemezani. Jumapili, kabla ya kanisa, anatoka chumbani shati likiwa wazi na kusimama mlangoni. Kaka anaacha chai yake, anamfunga vifungo kimoja kimoja kutoka chini mpaka kwenye kola, na mdogo wetu anatazama pembeni mpaka amalize.