Taa ya Gari Mlevi

Fundi cherehani wa sare za shule alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka hamsini na nne. Katika msimu mmoja wa mvua aliingia mtaroni mara mbili, kwenye kona ileile ya kupanda mlima. Hakuumia. Mwanawe wa pekee, karani wa bima, hakutaka maneno mengi.

"Mama, Jumamosi kuna mtu anakuja kuliona gari. Tunauza."

"Tunauza, wewe na nani?"

Bila gari angerudi kubeba marobota ya sare kwa miguu hadi shule tano, na goti lake la kushoto lilikuwa limeshagoma. Akaenda gereji kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ili breki zikaguliwe. Breki zilikuwa nzima. Kilichomshangaza shemeji ni taa iliyokuwa ikiwaka kwenye dashibodi: picha ya kigari chenye mistari iliyopindapinda nyuma yake.

"Hiyo? Hiyo ni gari mlevi," alisema mama. "Mvua ikinyesha inapepesa kama ina wazimu. Nikibonyeza kitufe hiki inaacha, inabaki imewaka kwa utulivu. Kwa hiyo nakibonyeza kila asubuhi kabla sijatoka, isinisumbue."

Shemeji alicheka mpaka akakaa juu ya tairi.

"Shemeji yangu, ikipepesa iko kazini! Ikibaki imewaka, umeifukuza kazi."

Akamweleza. Kila gurudumu lina kifaa kinachopima mwendo wake. Gurudumu linalosukumwa na injini likizunguka kwa kasi kuliko mengine, limekosa mshiko. Mtambo wa kuzuia utelezi, ule unaozimwa kwa kitufe hicho, hulifunga breki gurudumu hilo peke yake na kupunguza nguvu ya injini mpaka likamate barabara tena. Kwenye lami yenye maji, usiuzime kamwe. Ukikwama kwenye tope zito au mchanga, mambo ni mengine: mtambo unakunyima nguvu wakati magurudumu yanahitaji kuzunguka kidogo ili yajinasue. Hapo unauzima, unatoka, unauwasha.

"Na mafuta usikanyage kama unakanyaga cherehani."

"Cherehani hukanyagwa taratibu. Wewe hujawahi kushona."

Ijumaa mvua ikanyesha. Mwana alikaa kiti cha abiria, mkono kwenye kishikio cha mlango. Kwenye kona taa ikapepesa, injini ikanywea, gari likapanda bila kuyumba. Kwenye uwanja wa shule, kwenye tope, likagoma kabisa.

"Ndiyo hayo niliyosema," alisema mwana.

Mama akabonyeza kitufe. Akaenda mbele kidogo, nyuma kidogo, mguu mwepesi, mpaka gari likachomoka. Akabonyeza tena.

"Mbona umebonyeza mara mbili?"

"Uliza kwa adabu, nitakufundisha."

Mwana akacheka, akatoa simu na kumpigia mnunuzi. "Samahani kaka, gari limeshapata mtu."

"Mtu gani?" aliuliza mama, mwanawe alipokata simu.

"Dereva."