Mwanajeshi Naye Alale Lini?

Nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi pale mtaani Rhonda, kitambaa shingoni na nusu ya kichwa imenyolewa, redio iliposema kwamba mwanajeshi wetu mmoja amefariki katika ajali ya barabarani akiwa kazini nje ya mipaka. Ilikuwa sentensi moja tu, kisha likafuata tangazo la sabuni. Bwana mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake hakuinua hata macho kutoka kwenye simu. "Si walijiandikisha wenyewe?" akasema. "Hakuna mtu alilazimishwa." Wawili watatu wakacheka, kinyozi akaendelea na kazi yake. Jioni dada yangu akanipigia kutoka nyumbani Kuresoi, na hapo ndipo nilipojua kwamba yule wa redioni ni jirani yetu, dereva wa malori ya jeshi, ambaye shamba la baba yake na la baba yangu yanatenganishwa na ua mmoja tu. Jamani, nililia. Halafu nikakasirika, na ninyi mnaosoma safu hii kila wiki mnanijua: hasira yangu haipoi mapema.

Sitamsifu kupita kiasi, maana angekuwa hai angenicheka. Alikuwa mbishi. Ukisema mvua itanyesha, yeye angesema haitanyesha, na ikinyesha angesema hiyo si mvua, ni manyunyu. Lakini usukani aliujua, na mke wake alimpenda waziwazi, jambo ambalo kwetu milimani bado huwafanya watu wainamishe nyuso. Mara ya mwisho kumwona alikuwa amerudi kutoka misheni ndefu, ameahidiwa likizo ndefu vilevile. Nilikuwa nimepanda gari kwenda nyumbani kusaidia kuvuna viazi. Nikauliza bwana mkubwa yuko wapi, mkewe akanionyesha kwa kidevu kile kibanda cha kuhifadhia mbegu za viazi. "Analala humo," akaniambia. "Ndani ya nyumba hashiki usingizi. Mtu akibisha hodi tu anaruka." Nilichungulia. Alikuwa amejilaza juu ya magunia matupu mchana wa saa nane, mdomo wazi, usingizi umemchukua kabisa. Mkewe aliweka kigoda nje ya mlango na kukaa hapo akimenya viazi, na kila aliyekuja alirudishwa. "Amelala. Kujeni siku ingine."

Na walikuja, wee! Kwetu mwanajeshi akirudi salama ni lazima afanyiwe shukrani, atake asitake. Hema, spika kubwa, mbuzi, na wageni ambao hata jina lake la pili hawalijui. Aliomba wasifanye. Wakafanya. Kanisa lilitaka asimame mbele na magwanda yake atoe ushuhuda. Diwani alitaka kupiga picha naye. Katikati ya maombi spika ikalia paa! kama risasi, ikazimika, na tulipotazama kiti chake tukakuta hakina mtu. Alipatikana nyuma ya zizi amechuchumaa, shati limelowa jasho, akidai kwamba alienda kuangalia ng'ombe. Basi wenye midomo wakapata la kusema. Huyu amejivuna. Huyu amerogwa. Huyu hataki watu. Hakuna aliyesema, "Huyu amechoka." Nasi ndio tunaowaita babu zetu washenzi! Wazee wa nyanda hizi walimtenga mtu aliyetoka vitani. Alikaa kando, akapikiwa, akaoshwa, hakuulizwa habari za huko, na hakuna aliyethubutu kumpa mkuki tena kabla hajarudi kuwa mtu wa nyumbani. Sisi wenye digrii tumeweka spika mahali pa ile desturi, na bado tunajiona tumeendelea.

Likizo yenyewe haikufika popote. Viazi vya shamba la chini havijaisha kung'olewa, simu ikalia: arudi, madereva wamepungua. Mkewe aliomba hiyo simu. Nilikuwa palepale, mikono yangu imejaa udongo, nikasikia kila neno kwa sababu simu za kwetu huzungumza na kijiji kizima.

"Afande, huyu mtu hajalala bado," akasema.

"Mama, nchi inamhitaji."

"Nchi imemtumia. Mimi pia namhitaji, na namhitaji akiwa mzima."

"Nimekuelewa, mama. Lakini huo ndio utaratibu."

Asubuhi iliyofuata aliondoka. Hakubisha, yeye aliyebishana na mvua. Alimwambia mkewe kwamba akikataa, mwenzake mwingine aliyechoka zaidi ndiye atakayeketi kwenye usukani wake. Hilo ndilo jibu lililoniuma, kwa sababu wakubwa wanalijua, na wanalitumia. Wanajua kwamba mwanajeshi hatamwacha mwenzake, kwa hiyo hawahitaji kuongeza madereva wala kupanga zamu sawasawa. Wanachukua upendo wa hao vijana kwa wenzao, wanaufanya spea tairi.

Sasa nisikilizeni hoja yao, maana nimeisikia mara nyingi na ilirudiwa hata matangani. Wanasema vita havingoji mtu amalize likizo. Wanasema mapumziko ya lazima yatamfunga kamanda mikono. Sawa. Adui akitokea kesho pale Njoro katikati ya ngano, hakuna mwanajeshi atakayeuliza habari za likizo, na hata mimi mwenye kitambi nitatafuta panga. Lakini hivi si vita vya jana asubuhi. Hii ni misheni ya miaka na miaka, ina ratiba, ina bajeti, ina wakubwa wanaokwenda na kurudi kwa mpango unaojulikana. Mbona semina zao za hotelini Naivasha hazijawahi kuahirishwa na adui? Mbona waheshimiwa wetu hawapigiwi simu katikati ya mapumziko yao ya bunge kuambiwa mjadala umepungukiwa na watu? Yao yameandikwa, yanalindwa, na ole wako uyaguse. Ya mwanajeshi hutolewa "hali ikiruhusu", na hali, sijui kwa nini, humruhusu kila mtu isipokuwa yeye. Mfugaji yeyote wa Njoro, hata yule mlevi, humwachisha ng'ombe wake kukamwa wiki kadhaa kabla hajazaa. Hafanyi hivyo kwa huruma. Anafanya kwa sababu anamtaka ng'ombe huyo mwaka ujao. Mtu tunamtumia bila hata akili hiyo ya zizini.

Siku ya mazishi tulijaa kwenye lile shamba hadi tukakanyaga mboga. Hotuba zilikuwa nyingi na zote zilifanana. Ameanguka kama shujaa. Daima alikuwa tayari. Mheshimiwa mmoja, aliyefika amechelewa na kuondoka mapema, alituambia kwamba damu yake haikumwagika bure. Hapakuwa na damu aliyoisema. Mwenzake marehemu wa jeshini aliyesindikiza jeneza, koplo mmoja mwembamba mwenye macho mekundu, alinieleza pembeni tukiwa tumeshika sahani za wali. Hakukuwa na risasi wala bomu. Jirani yangu alikuwa ameendesha msafara siku baada ya siku bila wa kumpokea, na kwenye barabara iliyonyooka, mchana kweupe, akasinzia. Lori likaacha njia na kupinduka. "Nilikuwa nyuma yake," koplo akasema. "Niliona linaenda polepole tu, kama mtu anayeegesha." Nikamuuliza yeye kwao ni wapi. Akasema ni Molo, hapo tu. Mama yake hajamwona tangu misheni ianze, na gari la kumrudisha kambini lilikuwa tayari limewashwa, maana alipewa ruhusa ya kuzika tu. Akaniachia sahani yake, akapanda nyuma.

Mjane alikuwa karibu, ametusikia, anagawa chai kwa sababu alikataa kukaa. Aliweka birika chini. Alitembea na ile nguo yake nyeusi hadi mbele ya gari la jeshi, akasimama pale, amekunja mikono.

"Afande," akamwambia mkubwa aliyekaa mbele, "huyu kijana anashuka. Anaenda kwa mama yake."

"Mama, pole sana. Tunaelewa uchungu wako. Lakini kuna utaratibu."

"Sauti yako naijua. Ni wewe uliniambia hivyo kwa simu."

Watu wakasogea. Kwanza majirani, wale wale wa spika na maneno, halafu wanakwaya, halafu vijana wakiwa wameinua simu zao wanarekodi. Hakuna aliyepiga kelele. Dereva wa gari alizima injini bila kuambiwa, na nikaona kwamba hata yeye alikuwa na macho mekundu. Mkubwa alizitazama zile simu moja baada ya nyingine, akajikuna shingo, kisha akageuka nyuma na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Koplo, shuka. Wiki mbili. Nitaongea na kambi."

Kumbe inawezekana! Wiki ambazo hazikuwepo kwenye utaratibu wowote, ambazo zingemfunga kamanda mikono na kuliangusha taifa, zilipatikana kabla chai haijapoa. Vita havikusimama. Mpaka haukuanguka. Basi tusidanganyane tena kuhusu ugumu wa jambo hili. Kinachotolewa kwa kuogopa kamera kinaweza kutolewa kwa sheria: atokaye vitani apumzike nyumbani kwa muda uliowekwa, na asiwepo mkubwa wa kuufuta kwa simu moja. Wabunge wetu waliandike hilo kwa kalamu ile ile waliyoandikia mapumziko yao. Koplo alipanda gari la kwenda Molo jioni ile, na nimeambiwa amelala siku mbili mfululizo, mama yake akiwafukuza wageni mlangoni. Nafurahi kwa ajili yake. Lakini sitasahau kwamba ilibidi mwanamke mmoja amzike mumewe ndipo mtoto wa mwanamke mwingine aruhusiwe kwenda kulala kwao.