Mwaka Mmoja wa Hewa ya Itaka

Hali ya hewa niipendayo inajulikana, na sitaki ubishi: ni ya Itaka, kwetu Mbozi, mwaka mzima, pamoja na matope yake na baridi yake. Mume wangu kwao ni Chitete, chini huko Momba, ambako jua likiwaka hata kuku wanagombania kivuli cha baiskeli. Kwake hiyo ndiyo hewa. Tulibishana hivyo miaka yote tuliyouza mchele Tunduma, tukacheka, kwa sababu Tunduma haikuwa ya kwake wala ya kwangu.

Kicheko kiliisha tulipofunga biashara. Watoto wameshaondoka, sasa tunajenga wapi? Yeye alitaka Chitete, kwenye ardhi ya baba yake. Mimi nilitaka Itaka, kwenye kipande cha kahawa alichoniachia marehemu baba. Huku kwetu mwanamume haendi kukaa ukweni. Akienda, ndugu zake watasema ameolewa, na watalisema hadi kwenye msiba wake. Nilimwomba mwaka mmoja tu.

"Mwaka mmoja, mama," alisema. "Ukiisha nikasema hapana, tunahamia Chitete, na usinilaumu."

Tuliingia kwenye nyumba ya zamani ya baba mvua zikiwa zimekolea. Jamani, mvua ya Itaka! Asubuhi ukungu umekaa mlangoni, huoni hata choo kilipo. Mchana unafunguka, na mahindi yamerefuka tangu jana, haki ya Mungu, unayaona. Nilikuwa nasimama barazani na kikombe cha chai hadi chai inapoa. Yeye alikuwa anabinyabinya suruali yake kwenye kamba na kuniuliza itakauka mwaka gani.

Mwezi wa tano mvua ikakatika, hewa ikatakata hadi milima ya mbali ikaonekana imesogea. Nilipokuwa mtoto, kanisani wakiimba habari za mbinguni, mimi nilijua wanaimba juu ya mwezi wa tano. Nikamweleza hivyo. Akatazama juu, akatazama chini.

"Pazuri," akasema. "Ila kivulini kuna baridi."

Baridi yenyewe alikuwa bado hajaiona! Ilipokuja, mwezi wa saba tukiwa tunavuna kahawa, vidole vilikufa ganzi juu ya matunda mekundu. Alivaa koti juu ya koti, na kofia ya sufu hata mezani. Nilimwonyesha sakitu kule bondeni, ule umande ulioganda ukawa mweupe juu ya majani. Nikamweleza kwamba siku sakitu ikipanda huku juu itaunguza kahawa yote.

"Na hii ndiyo hewa unayoisifia?"

Ndiyo, naisifia! Mtu ambaye hajatetemeka hawezi kulijua jua la saa nne asubuhi. Unaegemea ukuta, unalipokea kifuani, na unamshukuru Mungu kwa sauti bila kuambiwa na mchungaji.

Mwezi wa tisa na wa kumi hata mimi nilinyamaza. Upepo, vumbi jekundu hadi kwenye chumvi, kahawa imenywea. Mdogo wake akapiga simu kutoka Chitete: "Kaka, bado umeolewa?" Mume wangu alicheka, lakini niliuona uso wake. Siku hiyohiyo alianza kufunga vitu vyetu, akaanzia na godoro. Sikumzuia, mwaka ulikuwa unaishia na ahadi ni ahadi. Nilienda jikoni nikalia mbele ya sufuria ya maharage.

Kisha mchana mmoja mvua ya kwanza ikapiga, kubwa, ikanyamaza. Kama wiki hivi ikapita. Mdogo wake alikuwa ameshatupatia gari la kutubeba.

"Mama! Mama, amka! Sakitu imemaliza kahawa!"

Ilikuwa sauti ya mume wangu, nje. Nilitoka mbio, peku, na khanga moja. Kulikuwa kunapambazuka. Shamba lote lilikuwa jeupe, kila tawi, kuanzia mlangoni hadi mtoni. Yeye amesimama ukingoni, mikono kichwani, machozi yanamlenga. Machozi kwa ajili ya kahawa yangu, mtu aliyefunga godoro! Nilitaka kucheka, nikashindwa.

"Mzee," nikamwambia, "vuta pumzi."

Akavuta. Ile harufu tamu ikamwingia, nikaona mabega yanashuka.

"Hayo ni maua."

Miaka yote alikuja Itaka kwa Krismasi na kwa misiba, hakuwahi kuyakuta, maana yanakaa siku chache tu kisha yanageuka kahawia. Akainua mguu aingie, nikamshika mkono. Kahawa ikichanua hatuingii. Jembe linabaki ndani, mbuzi anafungwa, maana ukigusa tawi umeangusha tunda la mwakani. Tunasimama pembeni, basi. Tukasimama. Jua likatoka, nyuki wakaja, shamba zima likavuma. Nimeyaona maua hayo tangu nabebwa mgongoni, na bado niliyatazama kama mgeni.

"Mungu wangu," alisema polepole. "Kumbe ile baridi yote ilikuwa inaandaa hiki?"

"Na vumbi," nikasema. "Bila kiangazi kikali hayachanui hivi."

Simu ikalia. Mdogo wake anauliza gari lije lini. Mume wangu hakuondoa macho shambani.

"Gari lipumzike," akamjibu. "Na waambie wote nimeolewa."

Jioni tulilizunguka shamba kwa nje hadi kwenye kaburi la baba yangu. Alisimama kando yake, akaitazama ardhi iliyo wazi pale, akanyoosha mikono kuipima. Kwao mwanamume huzikwa kwa baba zake. Nalijua hilo, naye analijua kuliko mimi.

"Hapa mtu wa urefu wangu atatosha?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi sawa," akasema. "Ila ikitokea mwezi wa saba, mama, mniongezee blanketi."