Jumapili Zilizohamia Tungelsta

Kwa miaka kumi na moja, Jumapili za Waswahili wa upande huu wa Stockholm zilikuwa mali ya Asteria. Misa ikiisha, watu walipanda treni mpaka Jordbro, wakavua mabuti mlangoni mwa nyumba yake ya kupanga, ghorofa ya pili, wakala, wakacheka, wakawasengenya wasiokuwapo. Siku nyingine zote Asteria aliogesha wazee wa watu. Mumewe alikwisha kufariki, na mwanawe Dominic alihamia Göteborg; ukimpigia simu kwa Kiswahili, anakujibu kwa Kiswidi. Ukimwondolea Asteria Jumapili, humwachii kitu.

Basi Theresia akamwondolea.

Theresia, mtoto wa Tanga mjini, shoga yake tangu walipofika nchini kusoma uuguzi, alinunua nyumba ya mbao Tungelsta, vituo vitatu mbele. Sebuleni mlikuwa na jiko la chuma lenye mlango wa kioo, la kuota moto wa kuni. Ikawa wimbo: kwa Theresia kuna moto! Kana kwamba kwa Asteria watu walikuwa wakikaa ndani ya friji. Ni kweli, mabomba yake ya joto ukutani yaliendeshwa na kampuni ya nyumba, na kampuni ikisema nyuzi ishirini ni ishirini, hata ukitetemeka. Lakini tangu lini ukarimu ukapimwa kwa nyuzi?

Wivu ulimkaba Asteria, tusifichane. Ulimuuma zaidi kwa sababu yeye ndiye mzaliwa wa Njombe, penye baridi ya kuvaa koti mwezi wa Julai, aliyelelewa kando ya mafiga ya mama yake. Theresia alijua nini kuhusu kuni? Tanga nani anaota moto?

Jumapili ya kwanza alipokwenda, aliliona tatizo kabla hajakaa. Theresia alinunua kuni mbichi mwezi wa Oktoba, akazitunza kama mtu anavyotunza mkaa: akazifunika turubai gubigubi zisipate unyevu, zikavunda humo na kuota ukungu. Halafu akafunga tundu la hewa la jiko, eti baridi isiingie. Kuni zikatoa povu, kioo kikawa cheusi, moshi ukarudi sebuleni. Wageni walikohoa kwa adabu.

Asteria alijitia hamnazo. Neno moja lingetosha, naye akalibana mdomoni. Jumapili ya pili ilikuwa vilevile, na yeye ndiye aliyekohoa kuliko wote.

Jumapili ya tatu, Dorothée, Mkongo wa Bukavu, aliinuka akafungua dirisha, na nje ni nyuzi kumi chini ya sifuri.

"Ma chère, hii moshi itatuua. Dimanche ijayo turudi kwa yaya Asteria, dada yetu mkubwa."

Theresia akainamisha kichwa. Asteria alikuwa ameshinda. Moyo ulimruka kwa furaha mpaka akajionea haya. Angenyamaza tu, mambo yangekwisha. Lakini Dorothée akaongeza, "Moto ya kuni ni mambo ya Wazungu. Sisi hatuijue."

"Nani hajui?" akauliza Asteria.

Alikwisha kupiga magoti. Akafungua tundu la hewa. Akaenda barazani, akagonganisha kuni mojamoja, akaacha zilizojibu kwa sauti nzito, akachukua zilizolia kwa ukali, chache kavu alizoziacha mwenye nyumba wa zamani. Akapanga nene chini, nyembamba juu, akawasha kutokea juu kwa gome jeupe la mti, kama alivyofundishwa na bibi mmoja wa Kiswidi aliyekuwa akimwogesha. Moto ukashika bila moshi. Watu wakapiga makofi, na makofi yakampanda kichwani: akawafundisha wote, hatua kwa hatua, jinsi ya kuzisikiliza kuni.

Tangu hapo kila Jumapili aliitwa Tungelsta kuwasha. Na kila Jumapili watu waliaga wakisema, "Moto wako mtamu, Theresia!" Moto wako! Asteria, mikono imejaa masizi, alimeza mate machungu. Mwezi wa Februari uvumilivu ukamwisha.

"Huo moto ni wangu," akasema mbele ya wote. "Bila mimi mngekuwa mnakohoa mpaka leo."

Theresia akamgeukia. "Kama ni wako, shoga, uchukue uende nao kwako."

Watu wakacheka, kicheko cha kutaka yaishe. Asteria hakucheka. Akaenda mlangoni kuvaa. Baridi ya Sweden haimruhusu mtu kuondoka upesi kwa hasira: kuna soksi za sufu, kuna suruali ya juu, kuna mabuti ya kamba ndefu. Alifunga polepole, akingoja aitwe. Hakuitwa. Basi akangoja moto umlipizie kisasi, uzimike, wamfuate mbio. Kutoka pale alimwona Dorothée akipiga magoti, akagonganisha kuni mbili, akatega sikio, moja akaiweka kando, nyingine akaitia jikoni. Moto ukaipokea vizuri kabisa. Hakuna aliyekohoa.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Asteria alikaa na mguu mmoja ndani ya buti, akiwaza ghorofa ya pili kule Jordbro na viti vyake vitupu. Kisha akafungua kamba. Akarudi sebuleni kwa soksi, akakuta kiti chake cha karibu na jiko kimeshakaliwa.

"Nisogezeeni," akasema.

Wakasogea. Akakaa mwisho kabisa, upande wa dirisha, penye baridi.