Mpika chai wa Golshanak aliyeikataa kazi kwa adabu

Saa moja na nusu asubuhi, ofisi ya wilaya ya Golshanak bado haijafunguliwa, lakini jikoni samavari ya shaba, lile birika kubwa la kuchemshia maji ya chai, inaunguruma tayari. Barat Ali, mwenye miaka sitini na mitatu, ambaye wote humwita Mashdi kwa heshima, anasuuza bilauri ndogo za chai moja moja, kisha anaziinua kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayekagua mayai.

"Bilauri yenye ukungu ni tusi," anasema. "Mtu katoka kijijini na shida zake, wewe umpe chai kwenye uchafu? Bora umfukuze mlangoni ajue moja."

Golshanak ni mji wa barabara kuu moja, benki mbili na tanuri tatu za mkate. Watu wa vijiji ishirini na saba huja hapa kutafuta mihuri. Kabla ya kumfikia mkuu wa wilaya, hungoja kwenye benchi la ukumbini, na hapo Mashdi huwapitia na sinia lake.

Leo wamekuja ndugu wawili wenye bustani za zereshki, vile vitunda vyekundu vichachu. Wanagombania zamu ya maji, nao wamekaa huyu ncha hii ya benchi, yule ncha ile. Mashdi anawawekea bilauri mbili, ila kibakuli cha sukari ni kimoja, nacho anakiacha kwa mkubwa.

"Mashdi, mbona mimi sina sukari?" anauliza mdogo.

"Iko kwa kaka yako. Mwombe."

"Heri ninywe chungu."

"Kunywa basi. Ya leo nimeikoleza kwelikweli."

Mdogo anaonja, uso unamkunjamana. Kisha kibakuli kinateleza juu ya benchi.

"Chukua, punda wewe, kabla haijapoa," anasema mkubwa.

Mashdi anajifanya anafuta meza ambayo ilishafutwa.

Hakuzaliwa mpika chai. Tangu ujanani alichimba mifereji ya maji chini ya ardhi, kama baba yake, mpaka siku udongo ulipomwangukia na kumvunja magoti yote mawili. Mwaka uliofuata akapata kazi hii. Mshahara wake ni tomani milioni kumi na moja kwa mwezi, na kabla haujaisha mwezi huwa umeisha wenyewe. Lakini anachokitegemea zaidi ni bima. Ametimiza miaka kumi na minane na miezi kumi. Imebaki miezi kumi na minne apate pensheni, ambayo hata yeye akifa, mkewe Khavar ataendelea kuipokea.

Mkataba wake unaisha siku ya mwaka mpya. Imebaki wiki tatu.

Mwanzoni mwa mwezi, mkuu wa wilaya, Bwana Tavakkoli, aliyehamia hapa majira ya vuli, alimwita ofisini. "Mashdi, mwaka ujao utaendelea nasi?"

Barat aliweka mkono kifuani, akajibu kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri angejibu. "Mimi ni nani, Mheshimiwa? Wapo wanaostahili kuliko mimi. Nisije nikawa mzigo."

Akangoja asihiwe. Kwa desturi ya hapa mtu husihiwa mara ya pili, hata ya tatu, ndipo akubali huku akijitia haya. Muuza mkate hukuambia "chukua tu, si kitu," nawe hulipa. Kila mtu anajua.

Bwana Tavakkoli alisema, "Nashukuru, mzee wangu. Pumzika salama." Akaandika kitu.

"Nilitoka mle ofisini kama mtu aliyeangukiwa na udongo mara ya pili," anasema Barat.

Bi Khavar anakumbuka jioni ile. "Nilimwambia, 'Hiyo adabu yako tutaila na nini, na mtindi?' Nikamwambia arudi aseme anaitaka kazi. Akasema ana aibu. Miaka arobaini tumeoana, hata wali hajawahi kuniomba. Husema, 'Mwanamke, huu ubwabwa unanukia.'"

Siku kumi alibeba sinia akinyamaza. Aliyemtazama, na aliyelisikia jibu lake kupitia mlango wa ofisi, ni Bi Nayereh, karani wa mapokezi, ambaye kila asubuhi hukuta chai yake mezani, bila sukari, kwa sababu Mashdi anajua ana kisukari.

Leo, ndugu wa zereshki wakiwa bado kwenye benchi, mkuu wa wilaya anatoka ofisini kwake. Bi Nayereh anasimama.

"Mheshimiwa, samahani. Muulize Mashdi tena lile swali."

Bwana Tavakkoli anashangaa, lakini anauliza. "Mashdi, unataka kuendelea na kazi?"

"Mimi ni nani, Mhe..."

Anajikatiza. Masikio yake yamekuwa mekundu kama zereshki.

"Naitaka," anasema. "Miezi kumi na minne. Naitaka sana."

"Sasa kwa nini hukusema, baba?"

"Na wewe kwa nini hukunisihi, mwanangu?"

Mkuu wa wilaya anajikuna shingo. "Niliona unavyochechemea. Nikadhani nikikusihi nitakuwa nimemlazimisha mzee." Anaahidi kuandika barua ya mkataba mpya leo hii, ingawa idhini yenyewe lazima itoke mkoani.

Kisha anaingia jikoni mwenyewe, anatoka na bilauri ya chai iliyojaa mpaka imemwagikia kisahani. "Kaa. Kunywa."

Barat anaitazama. Kwa desturi angepaswa kukataa. Anaipokea kwa mikono miwili, anakaa katikati ya wale ndugu.

"Pensheni ikitimia," anasema, "nitakuwa nakuja hapa na Khavar kila Jumamosi, ofisi inapofungua wiki. Tutakaa kwenye benchi hili kama raia wengine, bila shida yoyote ya muhuri. Tutaletewa chai."

Ndugu mdogo anamsogezea sukari.