Alasiri Telma Alipoingia Kwenye Kamba

Wasichana wa rika langu hapa Palma, mnakumbuka alasiri zetu? Vyombo vimeoshwa au havijaoshwa, ndani hapakaliki! Tulitoka na msiro usoni, ule urembo mweupe wa mti uliosagwa, tukanyoosha kamba ya katani uwanjani. Wawili wanazungusha, mmoja anaruka, wengine wanaimba jina lake, naye ainame aokote kifuu cha nazi bila kuguswa na kamba. Vumbi letu lilivuka mto Ruvuma hadi Tanzania. Nina hakika ng'ambo watu walifunga madirisha.

Mwaka mmoja akahamia mtaani mtumishi wa serikali kutoka kusini, na mkewe, na binti yao Telma. Telma alijua Kireno tu. Alishinda kizingitini, hali, hasemi, akakonda mpaka kivuli chake kikawa kinene kuliko yeye. Mama yake akamwambia bibi yangu, kwa Kiswahili cha kuungaunga, "Jumamosi namrudisha kwa bibi yake. Huku mtoto ataniharibikia."

"Niachie leo tu, Sinyora," bibi akasema. "Akilia, mpeleke." Halafu akatugeukia sisi: "Na nyinyi, atakayemcheka hali kwangu!"

Tukamwita. Akaingia kwenye kamba, akainama kuokota kifuu, na hakuinuka tena! Akawa anaruka amechuchumaa, kama chura; kumbe kwao ndivyo walivyocheza. Muaziza, jirani yangu mwenye mdomo, akasahau onyo: "Jamani, huyu anaruka au anatafuta sindano?" Telma hakuelewa, akaendelea. Mikono yetu ilichoka, yeye wala. Tukajaribu mtindo wake, tukaanguka kama magunia ya mihogo, naye akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti yake. Bibi akatugawia muhogo wa kuchemsha; Telma akala wake, wangu, na wa Muaziza, akaomba maji.

Magharibi mama yake alipomfuata, alimkuta anamfundisha bibi yangu kuchuchumaa. Jumamosi gari la kusini likaondoka bila mtoto.

Telma akaolewa hapahapa. Siku hizi akigombana sokoni kwa Kimwani, lugha ya pwani yetu, wenyeji tunapisha njia.

Mwalimu wetu wa shule ya usiku alituambia mchezo hujenga mwili. Nikamwambia, mwalimu, hujenga na mtaa.

Watoto wetu wa leo, mashallah, vidole gumba vimejaa misuli kwa ajili ya simu, lakini mwambie mmoja aruke dimbwi, atakuuliza daraja liko wapi. Na mtaani wamejaa wageni waliokimbia vita, wa Mucojo, wa Awasse, watoto wao wamekaa milangoni kimya. Mimi na Telma tumekataa. Kila Alhamisi alasiri tunazungusha kamba, mabega yakilia kama mlango mbovu. Wakija wawili, tunaimba. Asipokuja mtu, tunaimba vilevile.

Enzi zetu watoto tulitoka wenyewe, kazi ya wakubwa ilikuwa kutuita turudi ndani. Siku hizi lazima mkubwa atoke kwanza. Basi sisi tumeshatoka.